Maji yanayopanda: namna ya kupima jasho la shamba na kupanga maji kwa hesabu

Kabla hujasoma zaidi, tafuta mfuko wa plastiki mwangavu, uvishe tawi lenye majani kumi hivi la mti wowote ulio juani, kisha funga mdomo wake kwa uzi. Rudi baada ya saa moja. Ndani ya mfuko utakuta ukungu, na kama mti una maji ya kutosha mizizini, matone yatakuwa yameanza kuchuruzika na kukusanyika kwenye kona ya chini. Hakuna aliyelimwagia tawi hilo maji. Yametoka ardhini, yakapanda mizizini na shinani, yakatokea kwenye vitundu vidogo vya majani, na kama mfuko usingekuwepo yangekwenda zake hewani bila mtu kuyaona.

Hayo ndiyo maji tunayoyafuatilia hapa. Wataalamu huunganisha mambo mawili: uvukizi, yaani maji yanayokauka moja kwa moja kutoka kwenye udongo, madimbwi na majani yaliyolowa, na transpiresheni, yaani jasho la mmea kama hilo lililonaswa mfukoni. Jumla ya yote mawili huitwa evapotranspiresheni, kwa kifupi ET. Jina ni refu kuliko jambo lenyewe. Kuihesabu hakuhitaji maabara. Beseni, rula, kipimamvua, kipimajoto kinachoonyesha joto la juu na la chini la siku, na daftari vinatosha kuanzia.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kama asilimia 60 ya mvua inayonyesha nchi kavu duniani hurudi juu kwa njia hii. Mito, visima na chemchemi hugawana kilichobaki. Na katika maji ambayo mmea unayanywa, hata lita 3 kwa kila 100 hazibaki mwilini mwake. Mengine yote yanapita tu. Mtu anayepanga maji kwa kuangalia mfereji na bomba peke yake anahesabu chenji na kusahau noti.

Hatua ya 1: Zoea milimita

Mvua hupimwa kwa milimita, na ET vivyo hivyo. Wengi hukwama hapa kwa kuwa milimita inafanana na kipimo cha ubao kuliko cha maji. Lakini mwaga lita moja kwenye eneo tambarare la mita moja ya mraba, na kina chake kitakuwa milimita moja kamili. Basi milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Kwenye ekari ni lita 4,000 na ushee, kwenye hekta ni lita 10,000, yaani mita za ujazo 10. Ziandike ndani ya jalada la daftari.

Shamba lililofunikwa vizuri na mazao, siku ya jua kali, linaweza kutoa milimita 6. Kwa hekta moja hizo ni lita 60,000, yaani malori sita ya maji ya lita 10,000 yamepanda mbinguni kati ya asubuhi na jioni, na huwezi kuonyesha hata tone moja.

Hatua ya 2: Elewa kinachoyavuta

Anayeanika nguo anajua nusu ya somo hili tayari. Nguo hukauka upesi jua likiwa kali, hewa ikiwa ya moto, hewa ikiwa kavu, na upepo ukivuma. Upepo kazi yake ni kuondoa hewa iliyokwisha kushiba mvuke karibu na nguo na kuleta nyingine yenye njaa. Mambo hayo manne ndiyo yanayoyavuta maji ya shamba pia.

Nguo na jani vinatofautiana mahali pamoja tu, lakini ni mahali pakubwa. Nguo haina hiari, jani linayo. Vitundu vyake hufunguka ili kuingiza kabonidioksidi ya kutengenezea chakula, na vikiwa wazi maji hutoka. Mizizi ikishindwa kuleta maji, jani hufunga vitundu. Linaokoa maji, lakini linaacha kula. Kwa hiyo zao lenye kiu hupunguza jasho, na mkulima asiyejua anaweza kudhani limekuwa hodari wa kubana matumizi, kumbe limesimamisha kazi.

Kidokezo cha bure: usihukumu kiu kwa kuangalia majani saa nane mchana. Mimea mingi hunyong'onyea wakati huo hata udongo ukiwa na maji, kwa sababu majani yanatoa haraka kuliko mizizi inavyoleta. Nenda alfajiri. Jani lililolegea kabla jua halijatoka linakwambia udongo umekwisha.

Sasa upande wa hali ya hewa, na hapa inafaa tutulie kidogo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke katika joto la kawaida kunahitaji nishati ya megajuli 2.45 hivi. Kuchemsha lita hiyohiyo kutoka nyuzi 0 hadi 100 kunahitaji 0.42. Yaani kukausha kunakula karibu mara sita ya kuchemsha. Mti mkubwa unaotoa lita 100 kwa siku unameza nishati sawa na jiko la umeme la kilowati moja lililowashwa saa 68 mfululizo, na nishati hiyo isingemezwa na maji ingepasha moto ardhi na hewa. Baridi ya chini ya mti basi haitokani na kivuli peke yake. Ndiyo sababu pia mtaa uliosakafiwa kote hubaki na joto usiku huku bustani ya jirani imepoa.

Udongo ukikauka kabisa, kiyoyozi hiki huzimika. Kiangazi cha mwaka 2003 barani Ulaya kilikuwa cha joto la kuua, na mojawapo ya sababu zilizokizidisha ni kwamba udongo ulikuwa umekwisha kukauka tangu majira ya kuchipua. Jua halikukuta maji ya kuvukiza, likapasha hewa.

Na dunia inapoongezeka joto? Kila nyuzi moja ya ziada huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo pasipo na maji ya kutosha kuishibisha, kiu yake inakua. Wakati huohuo kabonidioksidi ikizidi, mimea mingi hufungua vitundu kidogo kuliko kawaida. Nguvu hizi mbili zinavutana, na mshindi hutegemea mahali. Anayekutajia moja tu kati ya hizo muulize ya pili.

Hatua ya 3: Pima mvuto wa hewa ya mahali pako

Kwanza tunapima hewa inataka kiasi gani, bila kujali umepanda nini. Wataalamu wamekubaliana kupima kwa mfano wa nyasi: nyasi fupi za sentimita 12, zenye afya, zilizofunika ardhi yote na zisizokosa maji. ET ya nyasi hizo huitwa ET ya rejea na huandikwa ET0. Njia inayotumika kote ni mlinganyo wa Penman-Monteith. Howard Penman aliweka msingi mwaka 1948, John Monteith akaongeza habari ya vitundu vya majani mwaka 1965, na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ikausanifisha mwaka 1998 katika mwongozo wake wa umwagiliaji namba 56. Unahitaji mionzi ya jua, joto, unyevu wa hewa na upepo. Kama una kituo cha hali ya hewa karibu chenye takwimu hizo, FAO hutoa bure programu ya CROPWAT inayokuhesabia. Kama huna, zipo njia mbili.

Ya kwanza ni beseni. Lile la kitaalamu, linaloitwa la Daraja A, lina kipenyo cha sentimita 120.7 na kina cha sentimita 25, limewekwa juu ya fremu ya mbao sentimita 15 kutoka ardhini, na maji yake hayaachwi kushuka zaidi ya sentimita 7.5 chini ya ukingo. Lako si lazima lifikie hapo. Chagua chombo kipana cha chuma chenye kuta zilizosimama wima (karai lililotanuka juu litakudanganya, maana upana wa maji hubadilika kadiri yanavyoshuka). Kiweke mahali wazi, mbali na miti na ukuta, kikae sawasawa kwa pima-maji. Kila asubuhi saa ileile pima kina kwa rula, na ongeza mvua iliyonyesha. Mfano: jana kina kilikuwa milimita 180, leo 175, na kipimamvua kinaonyesha milimita 2. Uvukizi ni 5 jumlisha 2, yaani 7.

Beseni hupoteza maji kuliko nyasi kwa kuwa kuta zake hupata moto na usiku maji yanaendelea kuvukiza. Kwa hiyo zidisha kwa 0.7. Hiyo ni namba ya wastani. Kutegemea upepo, unyevu na kinachozunguka beseni inaweza kuwa chini hadi 0.35 au juu hadi 0.85. Milimita 7 mara 0.7 ni 4.9.

Naomba ujifunze kwa kosa langu. Beseni langu la kwanza lilionyesha milimita 6, 7, 6, kisha ghafla 15. Nikaandika kwenye daftari «upepo mkali», nikajisifu kwa kugundua. Siku mbili baadaye ikawa 17, na kwenye tope kandokando nikaona alama za miguu ya mbwa. Upepo haukuwa na hatia. Nilifunika kwa wavu wa waya, na hapo tena kuna la kujua: wavu hupunguza uvukizi kwa hadi asilimia 10, kwa hiyo nilipandisha hesabu kidogo.

Njia ya pili ni ya joto peke yake. George Hargreaves na Zohrab Samani waliitoa mwaka 1985:

ET0 = 0.0023 × (joto la wastani + 17.8) × kipeuo cha pili cha (joto la juu − joto la chini) × Ra

Ra ni nishati ya jua inayofika juu ya angahewa, ikiwa imegeuzwa kuwa milimita kwa siku. Haipimwi, inasomwa kwenye jedwali kwa latitudo na mwezi. Kwenye ikweta huwa kati ya 13.6 mwezi Juni na 15.5 mwezi Machi. Kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo misimu inavyotofautiana: latitudo 40 kaskazini ni kama 6 mwezi Januari na 17 mwezi Juni.

Tujaribu. Joto la juu nyuzi 30, la chini 18, wastani 24, Ra 15. Wastani jumlisha 17.8 ni 41.8. Tofauti ni 12, kipeuo chake 3.46. Zidisha zote: 0.0023 × 41.8 × 3.46 × 15, unapata 5.0. Iko jirani kabisa na 4.9 ya beseni.

Mantiki yake imejificha kwenye ile tofauti ya joto. Siku ya mawingu, mchana haupati moto sana na usiku haupoi sana. Siku ya anga wazi, mchana huwaka na usiku huganda. Tofauti hiyo inasimama badala ya kipimo cha jua. Kasoro zake zinajulikana: penye upepo mwingi hutoa namba ndogo mno, penye unyevu mwingi hutoa kubwa mno. Tena usiitumie kwa siku moja moja. Chukua wastani wa siku tano au zaidi.

Hatua ya 4: Igeuze iwe ya zao lako

Mahindi si nyasi, na mche wa wiki mbili si mmea wenye maua. Tofauti hiyo hubebwa na kizidishi cha zao, Kc. Zidisha ET0 kwa Kc upate ET ya zao.

Mahindi huanza na 0.3 yakiwa machanga, hupanda hadi 1.20 yanapochanua na kujaza punje, kisha hushuka hadi 0.60 au 0.35 kulingana na ukavu unaoyavunia. Maharage ya kukausha: 0.4, 1.15, 0.35. Nyanya: 0.6, 1.15, halafu kati ya 0.7 na 0.9. Vitunguu maji: 0.7, 1.05, 0.75. Viazi: 0.5, 1.15, 0.75. Hizi ni za mwongozo uleule wa FAO, na zinachukulia kwamba zao halikosi maji wala haliumwi. Shamba lenye mapengo litatumia pungufu. Lenye magugu halitatumia pungufu, ila magugu yatakuwa yamekunywa fungu lao kwanza.

Kwa ET0 ya 5, mahindi yaliyochanua yanahitaji milimita 6 kwa siku. Tuta la vitunguu la mita 10 kwa mita 1.2 lina mita 12 za mraba, mara 5.25 (yaani 5 mara 1.05) ni lita 63 kwa siku, yaani ndoo sita za lita 10 na lita tatu juu yake.

Hatua ya 5: Pima tangi lililo ardhini

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wale wanaojua hesabu zote za juu. Kujua zao linakunywa milimita 6 hakukuambii umwagilie lini. Udongo ni tangi, na lazima ujue linabeba kiasi gani.

Kila aina ya udongo hushika maji ambayo mmea unaweza kuyavuta, kwa kila mita ya kina: kichanga milimita 50 hadi 110, tifutifu 130 hadi 180, mfinyanzi 120 hadi 200. Ona kwamba mfinyanzi hauishindi sana tifutifu. Unashika maji mengi zaidi, ila sehemu kubwa imeyang'ang'ania isiyatoe. Kujua wako ni upi, lowesha udongo kiganjani na uviringishe. Usioshikana ni kichanga. Unaoshikana bonge lakini ukivingirishwa uwe kama kamba unakatika ni tifutifu. Unaotoa kamba ndefu nyembamba inayoweza kupindwa duara ni mfinyanzi.

Kisha chimba kandokando ya mmea uone mizizi imefika wapi. Usitegemee jedwali peke yake. Mahindi hutajwa kufika mita moja hadi 1.7, lakini chini ya sakafu ngumu iliyotengenezwa na jembe la trekta nimeona mizizi ikigeuka na kutambaa ubavuni sentimita 25 tu kutoka juu, kama maji yaliyokuta mwamba.

Mwisho, usingoje tangi liishe. Kila zao lina sehemu linayoweza kutumia bila kuumia: mahindi 0.55 ya maji yote, maharage 0.45, nyanya 0.40, vitunguu 0.30.

Weka pamoja. Mahindi, tifutifu ya milimita 150 kwa mita, mizizi mita moja: tangi ni 150, mara 0.55 ni 82. Kwa milimita 6 kwa siku, unaweza kukaa siku 13. Kichanga cha 80 kwa mita: 44, siku saba. Vitunguu kwenye tifutifu ileile, mizizi sentimita 40: tangi ni 60, mara 0.30 ni 18, gawanya kwa 5.25, siku tatu na kidogo.

Ona vitunguu na mahindi vilivyoachana, na hali kwa siku moja vinakunywa karibu sawa. Ratiba moja ya shamba zima, «tunamwagilia kila Jumamosi», inavitesa vitunguu na kuyalewesha mahindi kwa wakati mmoja. Vitunguu vipewe kidogo kidogo mara nyingi. Mahindi kwa wingi na kwa nafasi.

Hatua ya 6: Fungua daftari

Mistari ya kila siku inatosha: tarehe, ET ya zao, mvua, maji uliyotia, na pengo. Pengo ni maji yanayokosekana kwenye tangi. Siku baada ya kumwagilia vizuri ni sifuri. Chukua vile vitunguu, kikomo milimita 18.

Siku ya 1: ET 5, pengo 5.
Siku ya 2: ET 6, mvua 1. Mvua ya kiasi hicho hukauka juu ya majani kabla haijaingia. Ikiwa chini ya moja ya tano ya ET0 iache. Pengo 11.
Siku ya 3, mawingu: ET 4, pengo 15.
Siku ya 4: ET 3, mvua 8. Pengo 10.
Siku ya 5: ET 5, pengo 15.
Siku ya 6 ikifanana na ya 5 utafika 20, umevuka kikomo. Basi mwagilia jioni ya siku ya 5, milimita 15.

Kama siku ya 4 ingenyesha milimita 40, pengo lingerudi sifuri na si chini ya hapo. Tangi likijaa, ziada huzama chini ya mizizi au hutiririka. Kuandika pengo la «−22» na kujiona una akiba ni kosa nililolikuta kwenye daftari za watu makini kabisa.

Milimita 15 hizo ni za kufika mizizini. Mifereji hufikisha kama asilimia 60 ya maji unayoyatoa, unyunyiziaji wa mvua bandia 75, umwagiliaji wa matone 90. Kwa mfereji utahitaji kutoa 25, kwa matone 17. Kumbuka tofauti hii, tutairudia.

Hatua ya 7: Tenga jasho na upotevu

Transpiresheni ni kazi. Imelipwa na chakula. Uvukizi wa udongo mtupu haujalipwa na kitu. Lengo la mwenye shamba ni kupunguza wa pili bila kuigusa ya kwanza.

Ukitaka kuona ukubwa wa kila mmoja, fuata nyayo za Stephen Hales, kasisi Mwingereza ambaye mwanzoni mwa karne ya 18 alipanda alizeti chunguni, akafunika udongo kwa bamba jembamba la risasi, akapima uzito asubuhi na jioni. Alizeti yake ilitoa zaidi ya nusu kilo ya maji kwa siku. Wewe tumia vyungu vitatu vilivyo sawa na mizani ya jikoni: kimoja chenye mmea na udongo uliofunikwa plastiki hadi shinani, kimoja chenye mmea na udongo wazi, kimoja chenye udongo peke yake. Vimwagilie, subiri viache kuchuruzika, pima alfajiri na magharibi. Gramu moja ni mililita moja. Cha kwanza kinakupa jasho tupu. Cha pili kinakupa jasho na uvukizi. Cha tatu kitakushangaza: siku ya kwanza hupoteza sana, siku ya tatu au ya nne kimenywea, kwa sababu udongo ukishakauka sentimita chache za juu hujifanyia blanketi.

Hicho cha tatu kinafundisha jambo la shambani: uvukizi wa udongo hufuata idadi ya mara unazolowesha kuliko wingi wa maji. Kumwagia kidogo kila siku kwenye miche michanga, ambapo ardhi iko wazi, ni kulilisha jua. Matandazo ya majani makavu hukata uvukizi huo vizuri sana wakati huo, na faida yake hupungua majani ya zao yakishafunika ardhi. Kumwagilia jioni, kupanda kizuia-upepo upande unaotokea upepo, na kupalilia mapema hukamilisha orodha. Mengine mengi yanayouzwa kama maajabu siyaoni yakizidi hayo.

Bwawa la kuhifadhia lipimwe kwa jicho hilohilo. Uvukizi hujali eneo la uso wa maji, haujali kina. Mita za ujazo 2,000 zikikaa kwenye bwawa la kina cha mita 1 zina uso wa mita 2,000 za mraba. Kwa milimita 6 kwa siku unapoteza mita za ujazo 12. Zikikaa kwenye kina cha mita 4, unapoteza 3. Mji wa Los Angeles ulimaliza mwaka 2015 kumwaga mipira myeusi milioni 96 juu ya hifadhi yake moja ya maji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda ubora wa maji yasipigwe na jua, na kupunguza uvukizi kukaja pamoja.

Hatua ya 8: Kabla ya kusema umeokoa maji, yaulize yalikuwa yakienda wapi

Rudi kwenye mfereji na matone. Ulikuwa unatoa milimita 25, sasa 17. Umeokoa 8? Inategemea. Zile zilizokuwa zikizama chini ya mizizi huenda zilikuwa zikijaza kisima cha jirani. Zilizotiririka mwisho wa shamba huenda zilirudi mtoni. Zilipotea kwako, hazikulipotea bonde. Zilizolipotea bonde ni zile zilizopanda tu. Sasa mtu akitumia zile 8 «alizookoa» kulimia robo ekari ya ziada, jumla ya ET imeongezeka, na wa chini ya mto anapata pungufu kuliko alipokuwa akilalamika juu ya mifereji inayovuja. Sisemi matone ni mabaya. Huokoa umeme, mbolea na mgongo. Lakini anayehesabu maji ya bonde zima ahesabu ET kabla na baada, asihesabu bomba.

Hesabu ya bonde ni fupi: mvua toa maji yanayotoka mtoni ni ET, ukichukua wastani wa miaka ya kutosha ili tofauti za akiba ya ardhini zifutane. Bonde lenye mvua ya milimita 1,000 na mto unaotoa sawa na milimita 250 lina ET ya 750.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua ubishi wa miti. Miti mirefu yenye mizizi ya kina hutoa maji mengi kuliko nyasi, kwa hiyo kuipanda kwenye bonde la nyasi kwa kawaida hupunguza mto. Afrika Kusini ilianza mwaka 1995 mpango wa taifa wa kung'oa miti ya kigeni iliyovamia vyanzo vya maji, ikiwemo mikalitusi na misonobari, ili mito ipate nafuu. Lakini usikimbilie shoka. Msitu hushika udongo na husaidia maji kuingia ardhini. Na jasho lake linakuwa mvua ya mwingine: katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazili Eneas Salati alichunguza maji ya mvua ya Amazon kwa isotopu (atomi za kitu kilekile zenye uzito tofauti), akaonyesha kwamba karibu nusu ya mvua hiyo hurudishwa hewani na msitu wenyewe na kunyesha tena mbele. Swali la kuuliza ni mti gani, wapi, na nani anangoja maji chini yake au upande wa pili wa upepo.

Vivyo hivyo maeneo oevu. Kwenye Sudd, Sudan Kusini, karibu nusu ya maji ya Nile Nyeupe yanayoingia hayatoki upande wa pili, yanapanda. Mwaka 1978 ulianza kuchimbwa mfereji wa Jonglei ili kuyapitisha kando, na vita vikausimamisha miaka ya 1980. Kwa anayengoja maji chini ya mto huo ni upotevu. Kwa samaki, swala na wafugaji wa Sudd, huo ndio uhai wa mahali. Kwenye daftari lako la bonde, liandikie eneo oevu mstari wake wenyewe, usilichanganye na mstari wa hasara.

Hatua ya 9: Linganisha na macho ya setilaiti

Setilaiti haipimi ET yenyewe, inaona joto. Shamba linalotoa jasho huwa baridi kuliko lililokauka, na kutokana na tofauti hiyo, pamoja na ukijani wa majani na takwimu za hali ya hewa, ET hukadiriwa. FAO inatoa bure takwimu za namna hii kwenye mfumo wa WaPOR, unaohusu hasa Afrika na Mashariki ya Karibu. Zinafaa sana kwa bonde, skimu ya umwagiliaji au shamba kubwa. Kwa bustani ya nyumbani kisanduku kimoja cha picha huchanganya matuta yako, paa la nyumba na barabara.

Setilaiti na daftari visipokubaliana, chukua koleo. Chimba kati ya mistari ya zao hadi nusu ya kina cha mizizi, kamata udongo, ukaze mkononi. Kama daftari linasema pengo ni 15 na udongo unaacha unyevu kiganjani, Kc yako ni kubwa mno au mizizi imeshuka kuliko ulivyodhani. Kama linasema 15 na udongo unapukutika kama unga, angalia kwanza kama mvua uliyoandika kweli iliingia ardhini. Rekebisha namba moja tu, andika tarehe, ungoje siku kumi kabla ya kugusa nyingine.